Mstari wa 214

Kila Oktoba, umeme ukikubali,
nachapa bajeti ya jimbo.
Mwaka wa kumi na moja huu, biro ile ile,
dirisha linatazama ziwa,
kiti kina miguu mitatu na tofali.
Vidole vyangu vinaujua bila macho
mstari wa 214: mtaro wa Cimpunda,
mita mia tatu na arobaini, mawe na saruji.

Safu ni tatu.
Kilichopangwa: namba ndefu, ina sifuri za kutosha
kumlaza mtu usingizi.
Kilichopokelewa: kidogo, maana Kinshasa
bado inahesabu, nasi tunangoja fungu letu
kama wanavyongoja watoto wa kambo sufuria ikipakuliwa.
Kilichotumika: kistari.
Nakipenda kistari. Kinachapwa kwa kidole kimoja.

Desemba waheshimiwa wanaipigia makofi.
Januari mvua, ambayo haikusoma,
inateremka Cimpunda bila kuomba kibali.

Jirani yangu Cibalonza anauza karanga Kadutu.
Kila asubuhi kijana wa komini anamkatia tiketi,
faranga mia tano, muhuri wa zambarau.
Hazitupi. Amezitunga kwenye waya juu ya kitanda,
miaka sita ya tiketi,
zimekauka kama sambaza.
Upepo ukipenya usiku zinachakarika,
naye anasema: haya, zinaulizana tena.

Mimi humpelekea karatasi zilizoharibika.
Anafungia karanga.
Ukurasa wa hamsini na mbili wa bajeti ya jimbo:
koni moja, faranga mia mbili.

Jioni moja akanyoosha koni, imelowa mafuta.
"Nsimire, huu si mtaro wetu?"
"Ndio wenyewe."
"Pesa hii yote?"
"Kwenye karatasi."
Akatazama jiko la kina Zihindula,
yaani pale lilipokuwa jiko
kabla ya ile Jumanne mvua ilipolibeba
na maharage yakiwa motoni.
Hakusema kitu. Akaikunja upya, akamimina karanga,
mstari ukabaki ndani.

Jumamosi tukaitana salongo.
Wa Leta hakuonekana hata mmoja.
Zihindula alikuja na nyundo ya kupasulia mawe.
Mwalimu Ntakwinja, ambaye mshahara wake
hutoka mfukoni mwa wazazi wa wanafunzi,
aliandika michango ukutani kwa chaki:
huyu elfu mbili, yule jembe lisilo na mpini,
mjane wa M'Rhuli maharage ya wachimbaji.
(Maharage tena. Alicheka mwenyewe Zihindula.)
Safu moja tu: kilicholetwa.
Jumamosi tisa.
Cibalonza aliuza nusu siku, akabeba mawe nusu siku,
na tiketi alikatiwa ya siku nzima.
Mvua ilipokuja ikatafuta njia yake ya zamani,
ikakuta mawe, ikanung'unika, ikapita.

Leo Oktoba.
Mkuu wa divisheni ameniwekea rasimu mezani,
imesahihishwa kwa kalamu nyekundu.
Mstari wa 214, kilichotumika:
namba yote, mpaka sifuri ya mwisho.
Umetekelezwa, asilimia mia.

Nimechapa wa 213. Nimekunywa maji.
Nimeuruka, nimechapa wa 215, madawati ya Bagira,
nimerudi.
Namba nimeiweka kama ilivyo. Nina watoto wanne.
Lakini chini yake kuna nafasi nyembamba
ambayo miaka yote hatuijazi:
chanzo cha fedha.

Nimeanza na Zihindula, nyundo moja.
Ntakwinja, chaki.
Cibalonza, nusu siku mara tisa, pamoja na tiketi zake.
Herufi ni ndogo, na mkuu husaini bila miwani.
Nikafika kwa mjane wa M'Rhuli,
nikaandika mah—
umeme ukaondoka.

Sijui kama mashine imehifadhi.
Nimekaa gizani, mikono juu ya vitufe.
Nje imeanza kunyesha,
na kwa mara ya kwanza
nasikiliza tu.